Maswali ya Wasomaji: Mandharinyuma na Taa za Studio

Barua nyingi za safari hii zinauliza rangi ya kununua: nyeupe, nyeusi au kijivu? Tunawaomba wasomaji wapime chumba kwanza. Umbali wa mtu kutoka kwenye karatasi, na umbali wa taa kutoka kwa vyote viwili, huamua rangi itakayoonekana kwenye picha kuliko ile iliyoandikwa kwenye roli. Katika majibu yote hapa chini, stopu moja ni mwanga ulioongezwa mara mbili au kupunguzwa nusu.

SWALI: Nafungua studio katika chumba cha urefu wa mita 4.5 na upana wa mita 3. Uwezo wangu ni roli moja ya karatasi na taa mbili za flashi. Nichukue rangi gani? – Msomaji anayeanza

JIBU: Chukua kijivu cha wastani, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokifikia.

Mwanga wa taa hupungua kwa mraba wa umbali. Taa ikienda mbali mara mbili, inabaki robo, yaani umepoteza stopu mbili. Sasa msimamishe mtu mita 1.5 mbele ya karatasi, na taa kuu iwe mita 1 kutoka usoni. Karatasi iko mita 2.5 kutoka kwenye taa, kwa hiyo inapata takriban moja ya sita ya mwanga wa usoni, upungufu wa stopu 2.6. Kijivu chako kitatoka karibu cheusi. Rudisha taa hadi mita 2.5 kutoka usoni: karatasi sasa iko mita 4 kutoka kwenye taa, upungufu unashuka hadi stopu moja na theluthi hivi, na unapata kijivu kilichokolea kinachofaa sana picha za wasifu wa kazi. Ukitaka kipande cha nyuma king'ae, elekeza taa ya pili kwenye karatasi na uipandishe taratibu. Mwanga wa nyuma ukifikia stopu mbili na nusu juu ya ule wa usoni, kijivu kinakuwa cheupe. Ukifunika taa hiyo ya pili kwa jeli (plastiki nyembamba ya rangi) ya bluu au nyekundu, kijivu kinachukua rangi hiyo kwa nguvu, ilhali karatasi nyeupe huifanya ipauke kwa urahisi.

Hesabu hizi ni sahihi zaidi kwa taa ndogo. Sofutiboksi (boksi la kitambaa linalolainisha mwanga wa taa) kubwa iliyo karibu sana hupoteza mwanga polepole kidogo kuliko mraba unavyosema, lakini tofauti hiyo haitakuharibia mpangilio.

Angalia pia mtego wa karatasi nyeupe. Katika mpangilio ule wa kwanza, nyeupe isiyo na taa yake yenyewe hutoka kijivu cha wastani. Wengi hudhani wameuziwa karatasi mbovu, kumbe ni umbali tu.

Kuhusu vipimo: roli ya mita 2.72 itaingia chumbani kwako kwa taabu. Kila upande zitabaki sentimita 14, na stendi za miguu mitatu hazitoshei hapo. Funga mabano ukutani karibu na dari, upitishe bomba ndani ya roli. Kama kazi yako ni vichwa na mabega tu, roli ya mita 1.35 inatosha na itakuachia nafasi ya taa pembeni. Mbele ya mtu utabaki na mita 3. Lenzi ya milimita 85 kwenye kihisi cha fremu nzima, kamera ikiwa wima mita 2.5 kutoka kwake, huona takriban mita moja kutoka juu hadi chini: kichwa hadi nyonga. Mwili mzima unahitaji lenzi ya milimita 50 na mita 3 kamili (au milimita 35 kwa kihisi kidogo zaidi cha APS-C), maana yake utapiga mgongo ukiwa umegusa ukuta. Inawezekana, lakini usiahidi picha za mwili mzima kama huduma yako kuu katika chumba hicho.

SWALI: Natumia taa mbili kumulika karatasi nyeupe, moja kila upande. Nyuma panakuwa peupe kweli, lakini nywele na mabega ya mteja yanalika, na picha nzima inakuwa na ukungu. Nimepunguza taa kuu, haijasaidia.

JIBU: Hujakosea taa kuu. Umezidisha taa za nyuma. Karatasi nyeupe iliyomulikwa kupita kiasi inageuka kuwa taa yenyewe, inammulika mteja kwa nyuma na kuingiza mwanga moja kwa moja kwenye lenzi. Ukungu unaouona ni mwanga huo unaodundadunda kati ya vioo vya lenzi.

Tengeneza hivi. Zima taa zote isipokuwa mbili za nyuma. Ziweke mita 1 hadi 1.5 kutoka kwenye karatasi, na kila moja uielekeze upande wa pili, kupita katikati, ili miale ipishane. Mwavuli husambaza vizuri kuliko bakuli tupu, ambalo huacha doa la mwanga mkali karibu na taa. Pima kwa kipima mwanga sehemu tano: katikati na pembe nne. Tofauti isizidi theluthi ya stopu. Kisha mlete mteja, asimame mita 2 mbele ya karatasi, umpige bila taa kuu. Anatakiwa kutoka kama kivuli cheusi chenye kingo kali. Kingo zikiwa na utando mweupe, mwanga unamfikia kutoka nyuma: msogeze mbele zaidi, au simamisha ubao mweusi kati ya kila taa na mteja.

Baada ya hapo washa taa kuu. Kama usoni kipima mwanga kinasoma f/8 (namba ya tundu la lenzi), karatasi isome f/11, stopu moja juu, na wala si zaidi. Nusu stopu mara nyingi inatosha. Ikisoma f/16 ndipo nywele zinapoanza kulika. Wasio na kipima mwanga watumie onyo la kumweka la kamera, linaloonyesha kwenye skrini sehemu zilizozidi mwanga: pandisha taa za nyuma mpaka karatasi yote imweke, ukome hapohapo. Na uvalishe lenzi kofia yake ya kukinga mwanga wa pembeni (hudi) hata ukiwa ndani.

Ukipiga miguu ikiwa ndani ya picha, fahamu kwamba sakafu haipati mwanga wa taa za nyuma kama ukuta unavyoupata. Itatoka kijivu kidogo. Hilo husafishwa baadaye kwenye kompyuta. Ukijaribu kulitibu kwa kuongeza taa utarudi kwenye tatizo lako la mwanzo.

SWALI: Kwa nini chini ya picha zangu kuna mkanda mweusi ninapotumia flashi?

JIBU: Kasi ya shata iko juu mno. Kwa kamera nyingi, ukipita 1/200 au 1/250 ya sekunde, mapazia ya shata hayaachi kihisi kizima wazi kwa wakati mmoja, na flashi huwaka mara moja tu wakati sehemu imefunikwa. Shuka hadi 1/160. Kama unatumia triga (kifaa cha kuwashia flashi) isiyo na waya ya aina ya kawaida, shuka hadi 1/125, kwa sababu nyingine huchelewa kidogo.

SWALI: Wateja wangu wengi wana ngozi nyeusi na wanapenda pazia jeusi. Wakivaa suti nyeusi, kinachobaki ni uso na kola. Nikiongeza mwanga, uso unapauka na paji linang'aa. Nifanye nini? – Mpigapicha wa picha za wasifu

JIBU: Swali hili tunalipenda, na tunaomba kila mwenye studio asome jibu lake. Ngozi nyeusi haihitaji kupaushwa ili ionekane. Inahitaji mwanga mkubwa unaoakisiwa vizuri, na inahitaji kutengwa na kilicho nyuma yake.

Anza kwa kuachana na upimaji wa otomatiki. Kamera inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Ikiona pazia jeusi na suti nyeusi, inaongeza mwanga, na uso unapauka. Ikiona karatasi nyeupe, inapunguza, na uso unazama. Tumia mipangilio ya mkono: ISO (usikivu wa kihisi) 100, shata 1/125, tundu f/8. Piga picha moja bila flashi. Itoke nyeusi tupu, ili ujue taa za chumba haziingii. Kisha weka kipima mwanga chini ya kidevu, kuba lake likitazama taa kuu, na urekebishe nguvu ya taa mpaka isome f/8. Kipimo hicho hakijali rangi ya ngozi wala ya nguo.

Mng'ao wa paji unatokana na udogo wa taa. Umbo la uso wenye ngozi nyeusi tunalisoma zaidi kupitia mwanga unaoakisiwa juu ya ngozi: kwenye shavu, pua, paji na taya. Taa ndogo huacha vidoa vidogo vikali. Taa kubwa huacha eneo pana lenye mpito laini, na hapo ngozi inaonekana ilivyo, yenye kina na rangi yake halisi. Tumia sofutiboksi ya sentimita 120, mita 1 hadi 1.2 kutoka usoni, nyuzi 45 pembeni na juu kidogo ya macho. Usiielekeze katikati yake usoni. Izungushe mbele kidogo, ili mteja apate ukingo wake ulio laini zaidi. Upande wa pili weka ubao mweupe sentimita 50 hadi 80 kutoka shavuni. Poda isiyo na rangi kwenye paji na pua inaondoa mafuta yaliyobaki.

Sasa utengano. Weka sofutiboksi nyembamba, ya 30 kwa 120 hivi, yenye gridi (wavu unaozuia mwanga kutawanyika), nyuma ya mteja upande ulio mkabala na taa kuu, ikimtazama bega na nywele. Anza na nguvu ya stopu moja chini ya taa kuu, uangalie, kisha upandishe. Nywele nyeusi na kitambaa cha sufu hunyonya mwanga mwingi, kwa hiyo usishangae ukiishia sawa na taa kuu au juu yake kwa nusu stopu. Gridi ni ya lazima, bila hiyo mwanga utaingia kwenye lenzi. Kama una taa ya tatu, ipe gridi ya nyuzi 20 na uielekeze kwenye pazia nyuma ya mabega, itoe mviringo hafifu. Pazia la velveti halitaonyesha mviringo huo, maana velveti hunyonya karibu kila kitu. Kwa kazi hii kijivu kilichokolea kinashinda nyeusi, na mteja bado ataona ni "nyeusi".

Kipimo chepesi cha kujua kama umefaulu: geuza onyesho la kamera liwe la nyeusi na nyeupe. Ukingo wa bega ukipotea hapo, hata rangi hazitauokoa.

SWALI: Pazia langu la pamba limejaa mikunjo. Nimelipiga pasi, lakini likishatundikwa tu mikunjo inarudi.

JIBU: Lipulizie mvuke likiwa limeshatundikwa, kutoka juu kwenda chini, na vibanio vilivute kingo zote mbili kwenye stendi. Ingiza bomba zito kwenye pindo la chini. Kisha liache usiku kucha. Ukishamaliza kazi usilikunje mraba. Lizungushe kwenye bomba, au ulisokote ovyo na kulitumbukiza kwenye mfuko, kwani mikunjo isiyo na mpangilio huonekana kama sehemu ya pazia, na mstari ulionyooka huonekana kama uzembe.

Mwanga nao una kazi yake. Taa inayolipiga pazia kutoka pembeni kabisa huchora kila mkunjo, kwa sababu kila mkunjo unapata upande wa nuru na upande wa kivuli. Isogeze taa ya pazia mbele zaidi, karibu na upande wa kamera. Mweke mteja mita 2 mbele na upige kwa f/4 badala ya f/8, mikunjo iyeyuke nje ya fokasi. Ukifungua tundu hivyo, kumbuka kupunguza taa kwa stopu mbili.

SWALI: Nimehamia taa za LED zinazowaka muda wote. Ngozi inatoka ya kijani kidogo upande mmoja, na baadhi ya picha zina milia. Je, nirudi kwenye flashi?

JIBU: Kwanza zima taa za dari na ufunge dirisha. LED yako huenda ni kelvini 5600, yaani rangi ya mwanga wa mchana, balbu ya dari ni nyingine kabisa, na kamera inaweza kusawazisha nyeupe moja tu. Upande unaopata mwanga wa dari ndio unaogeuka. Kama kijani kinabaki hata chumba kikiwa giza, tatizo ni ubora wa taa: tafuta yenye CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisi) ya 95 au zaidi, na uulize thamani ya R9, ambayo ni wekundu mzito, kwa sababu ngozi ya kila mtu ina wekundu ndani yake.

Milia ni kumweka kwa taa. Umeme wa hezi 50 hufanya taa duni ipwite mara 100 kwa sekunde. Piga kwa 1/50 au 1/100. Kwa umeme wa hezi 60, piga 1/60 au 1/120. Acha shata ya kielektroniki na utumie ya mitambo.

Kurudi au kutorudi kunategemea unachopiga. LED ya wati 200, shata ikiwa wazi kwa 1/125, inatumia umeme wa jouli 1.6 tu kwa picha moja. Flashi ya studio ya jouli 300 inaumwaga wote kwa mpigo mmoja. Hata ukizingatia kwamba LED inageuza umeme kuwa mwanga kwa ufanisi zaidi, pengo ni kubwa mno. Kwa vyakula, bidhaa na video, baki na LED, kwani unaona kivuli kabla hujapiga. Kwa watoto wanaorukaruka na vikundi vinavyohitaji f/8, flashi.

SWALI: Miwani! Kila mteja mwenye miwani ananitoa jasho.

JIBU: Mwanga hurudi kutoka kwenye kioo kwa pembe ileile ulioingilia, kwa hiyo kazi yako ni kuutoa kwenye njia ya lenzi. Pandisha taa kuu mpaka iwe nyuzi 45 juu ya macho. Mwombe ashushe kidevu kidogo. Nyanyua mikono ya miwani kama sentimita moja juu ya masikio, vioo viinamie chini. Kwenye picha haionekani. Ikibaki, badilisha sofutiboksi kubwa kwa ndogo, maana taa kubwa ina pembe nyingi za kurudi. Usimvue miwani mtu anayeivaa kila siku. Atakuwa na sura ambayo familia yake haiifahamu.

SWALI: Pazia la kijivu linalofifia kutoka mwanga kwenda giza linatoka na ngazi ngazi, kama pete, nikishahariri.

JIBU: Umehariri JPEG ya biti 8, ambayo ina viwango 256 tu kwa kila rangi. Ukivuta mwanga wa sehemu ya giza, viwango vinaachana na pete zinajitokeza. Piga RAW (faili ghafi la kamera), hariri kwa biti 16, na mwisho kabisa ongeza chembechembe kidogo juu ya mandharinyuma. Zinavunja kingo za pete.

SWALI: Familia ya watu wanane, roli ya mita 2.72, mwavuli mmoja. Inawezekana?

JIBU: Inawezekana, kwa safu mbili za watu wanne. Mabega ya watu wanne waliogeuka robo huchukua mita 2 na ushee. Wanane kwa mstari mmoja hawataenea.

Kosa la kawaida ni kuweka mwavuli pembeni karibu nao. Wa karibu akiwa mita 1.5 kutoka kwenye taa na wa mwisho mita 3, wanapishana kwa stopu mbili nzima, na hakuna programu itakayoficha hilo vizuri. Tumia mwavuli wa sentimita 150 au zaidi, uweke nyuma ya kamera, urefu wa mita 2.5, mita 4 kutoka safu ya mbele. Safu ya nyuma ikiwa mita 1 zaidi, tofauti ni theluthi mbili za stopu. Uinamishe mwavuli uelekee vichwa vya safu ya nyuma, na tofauti hiyo nayo inapungua. Waketi wa mbele kwenye viti, wa nyuma wasimame wakiwa wamewagusa kabisa kwa magoti. Tundu f/8, fokasi kwenye macho ya safu ya mbele. Vivuli vitaanguka chini nyuma yao kama wako angalau mita 1.5 kutoka kwenye karatasi.

SWALI: Flashi yangu haichaji. Nimeshaichomoa kwenye umeme. Naweza kuifungua nione fyuzi ya ndani?

JIBU: Usiifungue, ndugu yetu. Kapasita za flashi ya studio hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa, na zinaweza kuua. Fyuzi inayofikika kwa nje, karibu na tundu la waya, badilisha mwenyewe, ya ampea ileile. Mengine mpelekee fundi wa vifaa hivi.

SWALI: Roli ya karatasi imepata mawimbi katikati, na sehemu ya chini imechafuliwa na viatu.

JIBU: Mawimbi yanatokana na kuilaza ikishikiliwa ncha mbili tu, uzito wake unaikunja katikati. Isimamishe wima pembeni, mbali na ukuta wenye unyevu, na ufunge karatasi kwa kibanio isijifungue. Ikining'inia kazini, banio lishike roli yenyewe, vinginevyo uzito utaivuta yote chini wakati mteja amesimama juu yake.

Uchafu wa viatu unakatwa. Kabla hujakata, futa soli za kila mteja kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, zikauke, au bandika utepe wa karatasi chini ya viatu vinavyoonekana vichafu. Weka mkeka mahali pa kuvalia viatu, pembeni ya karatasi. Roli ya kawaida ina mita 11. Kwa mwili mzima unatandaza takriban 5, nusu ukutani na nusu sakafuni, kwa hiyo una kama mita 6 za kukata kabla haijawa fupi mno. Kipande cha mwisho kitunze kwa picha za vichwa na mabega.